Kaka, Usimpe Sudi Kiti cha Mbele

Jeddah, mtaa wa Sharafiya
Alhamisi, baada ya adhuhuri

Kwa kaka yangu Maalim Hamisi,

Assalaam alaikum, na shikamoo, Kaka. Natumai karatasi hii itakukuta mzima, goti lako limepoa na wifi yangu ameinuka kutoka ile homa. Mama je, anakula? Nimesikia anaukataa uji wa wimbi. Mwambie Mwanamisi amesema aunywe, akikataa nitapiga simu mwenyewe. Mimi huku mwili ni mzima. Moyo ndio haujatulia tangu Jumatatu, na aliyeuchafua ni wewe, bila kujua.

Utashangaa kupata barua badala ya sauti ya simu. Sauti hurushwa, Kaka. Ukimtumia mmoja, kesho inasikizwa Ukunda nzima. Haya nataka uyasome wewe kwanza, umekaa, umefunga mlango. Anayekuletea ni Bi Mwanaisha, tunafanya kazi jengo moja, anaruka kesho kwenda likizo. Yeye hajui kilichomo.

Jumatatu nilikuwa jikoni, natwanga iliki ya kahawa ya huyu mama mzee ninayemtunza, ndipo picha yako ikaingia. Umesimama mbele ya madrasa mpya, mabati yanang'aa, na kando yako bwana mmoja amevaa kanzu ya darizi na kofia ya vito, mkono wake begani mwako. Chini ukaandika kwamba huyo ndiye mfadhili wenu, Bwana Sudi, aliyekuwa huku kwetu Jeddah miaka mingi. Kwamba mnafungua Jumamosi ya wiki ijayo naye ndiye mgeni wa heshima. Kwamba amekubali kumleta huku binti yako Mejumaa na wasichana wengine watatu, kazi ya hoteli, na pasi zao za kusafiria tayari anazo.

Niliuweka mchi chini. Mama mzee akaniuliza kwa Kiarabu kama nimefiwa.

Kaka, mtu huyo namjua. Nimekaa nyumbani kwake miezi saba. Hana hoteli, hajawahi kuwa nayo. Alikuwa mkubwa wa genge la pombe huko Ghulail, mtaa wa hapa hapa Jeddah, na huko hakuitwa Bwana Sudi, aliitwa Mudiri, yaani meneja. Hayo mabati mliyoyaezeka juu ya vichwa vya watoto wanaosoma Kurani yametoka kwenye mapipa ya pombe. Pombe! Wewe uliyekataa kula nyumbani kwa marehemu Baba kwa sababu alikuwa mgema!

Nisamehe, sauti imepanda. Ngoja nikueleze kwa utaratibu.

Ulipata kuniuliza, mbele ya Mama, kwa nini nilimtoroka mwajiri wangu wa Riyadh nikalitia doa jina la nyumba yetu. Sikukujibu. Nilisema tu "yamepita". Leo nakujibu.

Unakumbuka wakati ule mawakala walipokuwa wakizunguka na vipaza sauti kila kijiji, Saudia, Saudia, mafunzo bure, tiketi bure. Mimi nilipelekwa Al-Naseem, huko Riyadh, nyumba ya ghorofa tatu, watu kumi na mmoja. Nilifua, nilipika, nililea, na mchana nikipelekwa kwa dada yake madam kufanya kazi ile ile upya. Mshahara nilipewa miezi miwili ya kwanza. Baada ya hapo kila nikiuliza, madam hujibu, "Mafi," yaani hakuna, bado. Ikama yangu, ile kadi ya ukaazi, alikaa nayo bosi, kafili wangu, yaani mdhamini wa kisheria. Nililala kwenye chumba cha tangi la maji. Nilikupigia, Kaka, kwa simu niliyoazima. Unajua uliniambia nini? "Vumilia, mvumilivu hula mbivu." Nilivumilia mwaka mzima. Sikuona mbivu wala mbichi.

Ndipo mfanyakazi wa nyumba ya jirani akanipa nambari. "Kuna ndugu yenu wa Kwale, anasaidia watu," akasema. Nikapiga. Akajibu mwanamume, akaongea Kidigo safi kama chako. Nililia hapo hapo. Siku ya tatu nilitoka kutupa taka saa nne asubuhi, gari likanichukua, na mfuko wa taka nikauacha mlangoni. Dereva alinipa nikabu na kuniambia nikiulizwa njiani, mimi ni mke wake.

Tukafika Ghulail. Mtaa umebanana, vichochoro vya kupita watu wawili, Waafrika wa kila nchi, maduka madogo madogo. Sudi alinipokea mlangoni mwenyewe. Alinipikia ugali na samaki wa kupaka. "Mwanangu, hapa umefika nyumbani," akaniambia. Nilimbusu mkono. Kila nikikumbuka hilo natamani kukikata kinywa changu.

Kesho yake akanishusha chini. Ukumbi mzima mapipa ya buluu, sukari, zabibu kavu, hamira, na majiko ya gesi yaliyokuwa yakiwaka toka asubuhi. Harufu ilikuwa ile ile ya nyumba za chang'aa kwetu. Huku wanaiita araki. Nikamwambia, "Bwana Sudi, mimi nilikuja kutafuta kazi ya nyumbani." Akacheka kwa upole. "Na hii si nyumba? Mwenye kafili hapa ni nani? Bosi wako ameshakutangaza mtoro. Ukitoka huo mlango, polisi. Ukikaa, unakula."

Ndivyo alivyotufunga, sisi wanawake tisa. Minyororo ya nini, na sote tulikuwa hatuna karatasi? Kazi yangu ilikuwa kujaza ile araki kwenye chupa za maji ya kunywa na kuzibana vifuniko zionekane mpya. Na usifikiri wanywaji ni wale makabwela wa mtaani peke yao. Magari makubwa ya vioo vyeusi yalikuja yenyewe mpaka mwanzo wa kichochoro. Anayenunua haonekani, anayebeba anachapwa. Mwenye jengo alikuja kila mwezi kuchukua fungu lake, anasalimia, anauliza watoto hawajambo. Sheria inasema haramu, na uharamu huo ndio ulionenepesha watu kama Sudi. Kama ingekuwa uji, nani angemhitaji?

Wala haikuwa pombe tu. Wanawake waliouza maandazi na chai barazani walimlipa Sudi ili meza zao zisipinduliwe, na waliozipindua ni watu wake yeye. Kulikuwa na kundi jingine, la mtaa wa juu, nao wakipika. Kila kundi lilikuwa na vichochoro vyake kama shamba lenye mpaka. Siku moja baada ya alasiri mtu mmoja alikuja kuuza chupa zake upande wetu. Nilikuwa dirishani naanika vitambaa. Watu wanne wa Sudi wakamzingira kwa mapanga, mchana kweupe. Alinyanyua mkono kujikinga, na mkono huo hakushuka nao wote. Mwenye duka la simu pale chini aliteremsha mlango wake wa chuma. Haikupita saa akaufungua, akamwaga maji barazani, akaendelea kuuza vocha. Polisi walipokuja, hakuna aliyeona. Na mimi sikuona, Kaka. Ningesema niliona, ningelala wapi?

Sasa nataka umjue mtu mmoja, na yeye ndiye sababu ya barua hii. Anaitwa Wanza. Ni mmoja wa sisi wanawake tisa, Mkamba wa Kitui, Mkristo, mrefu, mcheshi, anacheka kabla hajamaliza hadithi yake. Yeye ndiye aliyekuwa mpishi mkuu wa yale mapipa, kwa sababu alilelewa na nyanya yake aliyepika chang'aa na akajua kazi tangu utotoni. Nilipougua tumbo, ni Wanza aliyenifulia. Nilipotaka kuswali, ni Wanza aliyesimama mlangoni asipite mtu mbele yangu. "Swali na mimi uniombee," hunitania, "huku kwetu network iko chini."

Ilipokaribia sikukuu watu wakawa wanataka araki nyingi kuliko mapipa yalivyoweza kutoa. Sudi akaleta madebe kutoka kiwandani, spiriti ya kuchanganyia rangi, akaamuru itiwe kwenye chupa nusu kwa nusu. Wanza alinusa debe moja akaliweka chini.

"Boss, hii si ya kunywa. Hii ni ya kupaka ukuta."

"Changanya."

"Sichanganyi. Nyanya yangu alipika miaka arobaini, hakuzika mteja. Mimi sitaki kuua mtoto wa mtu."

Wenye magari walikuwa wanangoja nje. Sudi hakupandisha sauti. Aliita wanunuzi wawili waingie, akasema mpishi wake ana wasiwasi na mzigo, basi auonje mwenyewe mbele yao wajue ni safi. Watu wake wawili wakamshika Wanza mabega. Sudi akajaza glasi ya chai kutoka kwenye debe, na Wallahi Kaka, alisema "Bismillahi" kabla ya kumsogezea mdomoni.

"Kama ni sumu, tutaona. Kama si sumu, umenitia hasara ya heshima."

Wanza aliniangalia mimi. Nilikuwa nimeshika kifuniko cha chupa. Nikainamisha macho, nikakibana kwenye chupa. Wenzangu nao waliinama. Alikunywa glasi ya kwanza, wakamtia ya pili. Wale wanunuzi wakapiga makofi, wakabeba mzigo wao wakaenda.

Jioni alikuwa anatembea, akadhani amenusurika. Kesho yake kichwa kilimuuma, akatapika. Siku ya pili asubuhi aliniambia, "Mwanamisi, fungua dirisha, mbona giza?" Dirisha lilikuwa wazi. Jua lilikuwa limempiga usoni.

Nilimwendea Sudi nikampigia magoti tumpeleke hospitali. Akasema, "Halas, yaishe, atapona, ni hangover." Siku hiyo hiyo habari zikaja kwamba madereva wawili wamekufa kwa ile pombe, na mmoja alikuwa ndugu wa mkubwa wa lile kundi la mtaa wa juu. Hapo ndipo Sudi aliogopa. Hakumwogopa Mungu, aliogopa mapanga. Ijumaa, watu wakiwa wamekwenda msikitini, alikusanya nguo zake, akatoka nje, akafunga lango la chuma kwa kufuli kubwa. Sisi tisa tulikuwa ndani. Nilimwita kupitia nafasi ya lango, "Bwana Sudi, umetufungia!" Akajibu bila kugeuka, "Wakiona kufuli watajua hamna mtu."

Wale wa mtaa wa juu hawakuona hivyo. Walikuja kama ishirini. Walivunja madirisha ya chini, wakapiga mapipa kwa shoka, araki ikatiririka mpaka majikoni na moto ukashika. Tulikimbilia juu. Choo kilikuwa na kidirisha kinachotazama paa la jirani, kidogo, cha kupitisha mtu mmoja kwa tabu. Na nani alitutoa? Wanza, haoni kitu, aliinama akasema tupande mgongoni kwake mmoja mmoja. "Mimi siwezi kuangalia mbele, lakini nina mgongo," akasema. Tulipita wote wanane. Yeye tulimvuta kwa mashuka, na moshi umeshafika kwenye ngazi.

Kutoka pale nilimshika mkono tukatembea mpaka barabara kubwa, na nikasimamisha teksi. Nilimwambia dereva ukweli, kwamba sina karatasi, sina nauli na huyu ni kipofu wa siku moja. Alikuwa mzee Mhindi. Alitupeleka hospitali, akangoja mpaka Wanza akaingizwa. Daktari alisema tumechelewa. Tungemleta siku ile ya kwanza, macho yangepona.

Umesikia, Kaka? Siku ile ya kwanza. Wakati mimi nimeshika kifuniko cha chupa.

Polisi walitukuta hospitali. Mimi nilieleza yote. Walikwenda Ghulail, wakawakamata wanawake watatu kati ya wale wanane na wachuuzi wa chupa. Mwenye jengo alipaka rangi upya, akapangisha. Sudi alikuwa amesharuka zamani, kwa ikama halali ya mfanyabiashara wa manukato. Wanza alirudishwa Kitui ameshikwa mkono na mhudumu wa ndege. Mimi nilikaa kizuizini, kisha ukatoka msamaha wa wasio na karatasi, nikampata kafili huyu wa sasa, na mama yake ni mtu mwema. Nilikaa kimya. Niliona haya. Nilijua utaniambia mtoto wa mgema amekwenda kupika pombe nchi ya Mtume.

Na sasa nikwambie jambo ambalo halijapata kutoka mdomoni mwangu. Wanasema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Baba hakusifiwa na mtu, hata na wewe mwanawe, na tembo lake hakulitia maji. Hakumfungia mtu mlango. Huyu mmemsifu kwa kipaza sauti, na lake alilitia sumu. Ulikataa nazi ya Baba, ukapokea mabati ya Sudi. Hukumuuliza mali yake imetoka wapi? Baba ulimuuliza kila siku! Au kanzu ikiwa na darizi maswali hukoma?

Nakuheshimu, wewe ndiye uliyenishika mkono kunipeleka chuoni nikiwa na miaka sita. Kwa heshima hiyo hiyo nakuambia, ukimpa Sudi kiti cha mbele Jumamosi hiyo, mimi si dada yako.

Fanya hivi. Kabla ya lolote, chukua pasi ya Mejumaa. Usiende peke yako, mtu huyu hatembei bila watu wake. Nenda na wazazi wa wale wasichana wengine watatu, mpitie kwa chifu, mseme mnazitaka kwa ajili ya kuandikisha majina. Zikishakuwa mkononi, ndipo mzungumze. Mejumaa mwenyewe usimgombeze. Ana miaka kumi na tisa na anataka kuwasaidia, kama mimi nilivyotaka. Mpe barua hii aisome.

Akikuuliza Sudi nani amesema, nitaje. Sema Mwanamisi binti Ali, aliyemjazia chupa. Najua watu wake bado wapo Ghulail, na Ghulail si mbali na hapa. Nimemwambia mama mzee kila kitu. Aliniambia, "Nyumbani kwangu hataingia mtu," na tangu juzi fimbo yake anaiweka mlangoni. Nilicheka kwa mara ya kwanza wiki hii.

Kamati ya madrasa watasema ni maneno ya mwanamke mtoro, hayana ushahidi. Nimeshalifikiria. Jana nilimpigia Wanza. Nilimweleza, akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Bus ya Kitui inafika Mombasa saa ngapi?" Anakuja, Kaka. Kaka yake atamsindikiza. Atafika kwako Alhamisi, siku mbili kabla ya ufunguzi. Ameomba kitu kimoja tu. Itisheni kikao cha kamati, Sudi awepo, na asiambiwe nani yuko chumbani. Mwacheni azungumze kama anavyozungumza siku zote. Wanza atawaambia kama ni yeye. Anasema sauti ile anaisikia kila anapoamka.

Madrasa msiibomoe. Watoto hawana kosa. Ila mabati hayo yashusheni, mkaezeke makuti. Nitachangia kwa jasho langu, na safari hii unaweza kuniuliza limetoka wapi.

Nisalimie Mama, umbusu kipaji cha uso na usimwambie habari za moto. Msalimie wifi yangu, na shangazi Mebakari aliyenisuka nywele siku ya kuondoka, na mjomba Mwalimu wa kule Diani, mwambie dawa yake ya mgongo nimempa Bi Mwanaisha. Mejumaa mwambie shangazi yake anampenda kuliko hasira zake.

Wanza akifika, mpokee wewe mwenyewe stendi, usitume mtu. Muongoze kwa kiwiko, hapendi kuvutwa mkono. Nyumbani mpikieni samaki, anampenda sana. Ila umchambulie miba, Kaka. Wewe, kwa mikono yako.

Ni mimi dada yako,
Mwanamisi binti Ali mgema